UZI: Mchezaji mzuri asiye staa mkubwa, timu inayojijenga upya imshike au imuuze? Tumtazame Lauri Markkanen na Utah

#1 Mzee wa Ribaundi

Wakuu, salaam.

Kwenye grupu letu la wapenzi wa kikapu tumebishana hadi saa nane usiku juu ya Lauri Markkanen, Mfini anayechezea Utah Jazz kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Upande mmoja unasema Utah walipaswa kumuuza zamani. Upande wa pili unasema mtu anayeweza kukupa pointi 25 kila mechi hauzwi, maana hujui lini utampata mwingine. Hatukufika popote, nikaona niulete mjadala huku kwa sababu swali lenyewe ni kubwa kuliko Markkanen. Kila ligi ina mchezaji wa namna hii. Ni mzuri kweli, si wa kubahatisha, ila ukimkabidhi timu peke yake hakufikishi fainali. Mtu kama huyo akiwa ndani ya timu inayofungwa na inayotaka kuanza upya, ni mali au ni mzigo?

Nianze na alikotoka. Mwaka 2017 Minnesota walimchagua namba 7 kwenye drafti, siku ambayo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, na usiku uleule akapelekwa Chicago kama sehemu ya bei ya Jimmy Butler. Chicago walikuwa wanaanza upya. Baada ya miaka minne wakaona si wa kumjengea timu, akaenda Cleveland. Septemba 2022 Cleveland nao wakamtoa kwenda Utah, pamoja na Collin Sexton, Ochai Agbaji na machaguo matatu ya raundi ya kwanza ya drafti, ili wampate Donovan Mitchell. Yaani kabla hajatimiza miaka 26 kijana wa watu alishatumika mara mbili kulipia mastaa wa wengine.

Halafu akafika Utah akalipuka. Msimu wa 2022-23 alipata wastani wa pointi 25.6 na ribaundi 8.6, akaanza kwenye mchezo wa Nyota wa ligi (All-Star) uliofanyika palepale Salt Lake City, akapewa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Timu ambayo kila mtu aliitabiria mkia ilishinda mechi 10 kati ya 13 za mwanzo.

Watu wengi wanasimama hapo kwenye pointi 25. Mimi nataka tuangalie zilivyopatikana.

Kwenye kikapu kuna anayejipikia na kuna anayepakuliwa. Anayejipikia unampa mpira juu ya duara, sekunde nane zimebaki, beki wa timu pinzani yuko usoni, na bado anatoka na kitu. Anayepakuliwa anakimbia nyuma ya skrini, yaani mwenzake aliyesimama kumzuia beki, anakata kuelekea kwenye ringi, anapokea na kurusha hapohapo. Markkanen ni bingwa wa kupakuliwa. Ana futi 7 na mkono laini kama wa gadi, mchezaji mfupi wa nje, anahitaji dribo moja au hata hahitaji. Kwenye timu yenye mpishi, mtu huyo ni dhahabu. Na timu inayojijenga upya, mpishi huwa ndiye wa kwanza kuuzwa.

Ndicho kilichotokea. Msimu ule wa kwanza Mike Conley ndiye aliyekuwa anapanga mashambulizi, mzee anayejua mtu wake anataka mpira kwa mkono upi na kwa sekunde ipi. Februari 2023 Conley akapelekwa Minnesota. Utah wakamaliza na ushindi 37 na vipigo 45. Msimu uliofuata Markkanen akashuka hadi pointi 23.2, na 2024-25 akashuka tena hadi 19.0, akacheza mechi 47 tu, na mitupo yake ya pointi tatu iliyokuwa inaingia kwa asilimia 39 ikawa chini ya 35. Siamini kwamba mkono wake uliharibika. Naamini jiko lilikuwa tupu.

Msimamo wangu ni kwamba Utah walitakiwa kumuuza kiangazi cha 2024, wakati Golden State walipokuwa wanamtaka wazi na kila gazeti linaandika. Karibuni mnipinge.

#2 Binti Upanga

Mzee, heshima yako. Mimi nakupinga.

Salt Lake City si Los Angeles wala Miami. Wachezaji wakubwa wakiwa huru hawaendi Utah kwa hiari yao. Mji wa namna hiyo ukipata mtu wa kiwango cha mchezo wa Nyota anayetaka kubaki, unamshika kwa mikono miwili. Wewe unataka wamtoe wapate nini? Machaguo ya drafti? Hayo ni mayai ambayo hujui kama yataanguliwa.

Sisi Watanzania tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa namba 2 na Memphis. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Nampenda Hasheem na alitufungulia mlango, lakini hesabu ya Memphis siku ile ilikuwa wanapata senta wa miaka kumi ijayo, na ndani ya misimu miwili walishamtoa. Sasa wewe unaniambia nibadilishe pointi 25 za uhakika kwa bahati ya namna hiyo?

#3 Mzee wa Ribaundi

Dada, hoja ya Hasheem ni nzito na inaniuma kama inavyokuuma. Drafti haina uhakika, nakubali moja kwa moja. Ila angalia upande wa pili wa mizani: ukimshika Markkanen, drafti huiepuki. Unaingia kwenye bahati nasibu ileile ya kupanga nani achague kwanza, inayopendelea timu dhaifu, ukiwa mahali pabaya zaidi.

Kwa kanuni iliyoanza 2019, timu tatu za mwisho zilipewa nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja kupata namba 1, na zinazofuata zinapungua taratibu. Mchezaji mzuri anakushindia mechi nane au kumi za ziada. Hazikupeleki kwenye mtoano, ila zinatosha kukuondoa kwenye zile tatu.

Kwa Utah kulikuwa na kingine. Walikuwa wanadaiwa na Oklahoma City chaguo la raundi ya kwanza, na masharti ya deni yalisema chaguo likiangukia ndani ya kumi bora, Utah wanabaki nalo. Mwaka 2024 walimaliza na ushindi 31, wakaangukia namba 10 hasa, pembeni kabisa ya shimo, wakamchukua Cody Williams. Kila mechi ambayo Markkanen alikuwa anawabeba ilikuwa inawasogeza karibu na kulipa. Timu ya namna hiyo mchezaji wake bora anaitumikia na kuigharimu kwa wakati mmoja.

#4 Mlinzi wa Pili

Salamu kutoka Nairobi. Mzee umeeleza vizuri, lakini wacha nikuulize swali moja. Oklahoma City walipowauza Paul George na Chris Paul, walibaki na kijana mmoja mwembamba anaitwa Shai Gilgeous-Alexander. Wakati huo hakuna aliyekuwa anamwita staa mkubwa. Alikuwa "mzuri lakini". Timu ilishinda mechi 22 msimu mmoja, 24 uliofuata. Kwa kanuni yako wangemuuza pia, si ndiyo? Leo ndiye mchezaji bora wa ligi wa 2025 na ana pete ya ubingwa. Utajuaje kwamba aliye mbele yako hataendelea kupanda?

#5 Mzee wa Ribaundi

Hili ndilo swali nililokuwa naliogopa, na nimekaa nalo tangu asubuhi.

Wengi watajibu kwa umri. Umri hautoshi. Shai amezaliwa Julai 1998, Markkanen Mei 1997. Tofauti yao ni miezi 14 tu.

Kipimo changu ni hiki: waondoe wapishi, kisha uone. Msimu wa 2019-20 Shai alicheza pembeni ya Chris Paul, akapata wastani wa pointi 19.0. Novemba 2020 Paul akaenda Phoenix. Msimu uliofuata Shai alibaki na watoto wenzake, mabeki wote wa ligi wanajua mpira uko kwake, na bado akapanda hadi 23.7 huku zaidi ya nusu ya mitupo yake ikiingia. Mzigo uliongezeka na ufanisi haukushuka. Mtu wa namna hiyo timu inayojijenga upya haimgusi, hata akiwa bado hajaitwa staa.

Markkanen kwenye mtihani huohuo alishuka. Hilo si tusi. Klay Thompson pia alikuwa wa kupakuliwa, na ana pete nne. Tofauti ni kwamba Klay alimkuta mpishi mkubwa yuko jikoni tayari.

Tena kumbuka Oklahoma City walivyompata Shai. Ilikuwa Julai 2019, walipomtoa Paul George kwenda Clippers. Walipata Shai, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi ya kuchagua. Chaguo moja kati ya hayo likawa Jalen Williams, namba 12 mwaka 2022. Ubingwa wa 2025 una mizizi kwenye kumuuza mchezaji mzuri kwa wakati.

#6 Karani wa Mishahara

Wakuu, mnaongea uwanja tu, ngoja nilete daftari.

Msimu wa 2024-25 Markkanen alikuwa apokee dola milioni 18 hivi. Kwa kiwango chake hiyo ilikuwa bei ya kutupa, na ndiyo iliyowavuta Golden State na wengine. Timu kubwa iliyojaa mishahara ingeweza kumwingiza bila kubomoa nyumba. Utah walikuwa bado chini ya kikomo cha mishahara cha ligi, wakafungua mkataba wake na kuupandisha: msimu huo ukafika kama milioni 42, na jumla ikawa dola milioni 238 kwa miaka mitano.

Angalia tarehe. Mchezaji akisaini mkataba wa namna ile haruhusiwi kuhamishwa kwa miezi sita. Dirisha lilikuwa linafungwa Februari 6, 2025. Angesaini Agosti 6 angeweza kuuzwa siku ya mwisho ya dirisha. Alisaini Agosti 7. Siku moja hiyo ilimhakikishia msimu mzima Utah, na kwa familia yake naona ni jambo jema. Lakini kwa biashara, mlango wa kuuza ulifungwa wakati bei iko juu, na ulipofunguka tena bei ilikuwa imeshuka na mshahara umezidi mara mbili.

Ongeza kanuni za ligi za mwaka 2023. Timu iliyovuka kizingiti cha pili cha mishahara, yaani yenye jumla kubwa mno ya mishahara, hairuhusiwi kuunganisha wachezaji wawili watatu ili kumlipia mmoja. Wanunuzi wa mchezaji wa milioni 40 na kitu wamepungua sana. Kwa hiyo nikiulizwa thamani ya mchezaji mzuri asiye staa mkubwa, jibu langu la kwanza ni: mkataba wake unasemaje? Mtu yuleyule, mwili uleule, mkono uleule, kwa milioni 18 ni lulu na kwa milioni 46 watu wanaanza kuuliza maswali.

#7 Mzee wa Ribaundi

Karani, umenimalizia kazi. Niongeze mifano miwili ili tusimhukumu Markkanen peke yake.

Orlando walikuwa na Nikola Vučević. Senta wa pointi 24 na ribaundi karibu 12, amecheza mchezo wa Nyota mara mbili, mashabiki wanampenda, timu haiendi kokote. Machi 25, 2021 wakamtoa kwenda Chicago akiwa na miaka 30, na siku hiyohiyo wakawatoa Aaron Gordon na Evan Fournier. Kwa Vučević walipata Wendell Carter Jr. na Otto Porter, na machaguo mawili ya raundi ya kwanza. La kwanza liliangukia namba 8, wakamchukua Franz Wagner. Mwaka uliofuata wakapata namba 1, Paolo Banchero. Msimu wa 2023-24 Orlando walishinda mechi 47. Chicago, waliokuwa na yule mchezaji mzuri, walishinda 39. Nakumbuka siku ile ya Machi watu wengi walivyosema Orlando wamejiua. Na mimi nilikuwa mmoja wao, nilimpenda sana Vučević.

San Antonio walikuwa na Dejounte Murray. Msimu wa 2021-22 alipata pointi 21.1, pasi za mwisho 9.2, ribaundi 8.3, na aliongoza ligi kwa kupora mipira. Alikuwa na miaka 25! Yeye anajipikia, tena vizuri. Walimwangalia, wakaona anawashindia mechi 34, si kidogo kiasi cha kupata kijana wa kubadilisha timu wala si nyingi kiasi cha kufika popote. Juni 2022 wakamuuza Atlanta kwa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana moja. Msimu uliofuata San Antonio walishinda 22, na Mei 2023 mipira ya bahati nasibu ikawapa namba 1, yaani Victor Wembanyama. Bahati, ndiyo. Lakini walikuwa wamesimama mahali ambapo bahati inapita.

Wa kinyume chake ni Portland. Julai 2023 walimpa Jerami Grant dola milioni 160 kwa miaka mitano, mchezaji mzuri wa kusaidia timu inayotaka kushinda sasa. Siku zilezile staa wao Damian Lillard akaomba kuondoka. Portland wakabaki na kiungo cha pilau na wali haupo.

#8 Binti Upanga

Sawa, Mzee, lakini Utah 2024-25 walifanya ulichotaka. Walifungwa mechi 65, wakashinda 17, wa mwisho kabisa kwenye ligi. Wakapata nini? Namba 5. Timu ya mwisho haikuweza kushuka chini ya hapo, na ndipo waliposhuka. Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8, ndio waliopata namba 1, Cooper Flagg. Nilimwonea huruma shabiki wa Utah aliyelipia tiketi mwaka mzima.

#9 Kocha wa Mtaa

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi nafundisha vijana wa chini ya miaka 16 huku Temeke, uwanja wa saruji, ringi moja haina wavu. Naomba nizungumzie kitu ambacho hakiko kwenye madaftari yenu.

Mwaka fulani nilikuwa na kijana mmoja mkubwa kidogo kuliko wenzake. Si fundi wa ajabu. Alijua kusimama pembeni, kwenye kona, na mpira ukifika anarusha na unaingia. Nilikuwa na pointi gadi, mpanga mashambulizi, wa miaka 14, mdogo, mwenye macho ya pasi. Mwaka ule yule mdogo alikua mbele ya macho yangu. Akiingia ndani mabeki wanamfuata, anatupa kona, inaingia. Alijifunza kwamba pasi ni silaha. Yule mkubwa akahamia mkoani kwa masomo. Msimu uliofuata mdogo wangu anaingia ndani, anatupa kona, mpira unagonga ubao. Mara kumi, mara ishirini. Baada ya miezi miwili akaacha kupasi. Akaanza kulazimisha mwenyewe. Nilihangaika naye hadi mwisho wa mwaka na sikufanikiwa kumrudisha.

Kwa hiyo Mzee, unaposema anayepakuliwa hana kazi kwenye jiko tupu, mimi nakuambia mpishi mchanga hajifunzi kupika kama hakuna wa kula. Utah wana Isaiah Collier. Msimu wake wa kwanza alivunja rekodi ya pasi za mwisho kwa mchezaji mgeni wa timu hiyo, rekodi iliyokuwa ya gwiji John Stockton. Wana Keyonte George pia. Vijana hawa wanahitaji mtu mwenye mkono wa kuaminika ili wewe kama kocha ujue pasi ilikuwa mbaya au mtupaji ndiye mbaya. Bila hivyo unawahukumu gizani.

#10 Mzee wa Ribaundi

Kocha, shikamoo. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu yangu, na ilitakiwa kuwemo. Nimeisoma mara tatu.

Ila hapohapo ndipo hasira yangu kwa Utah inapoongezeka. Kama thamani ya Markkanen ni kuwafundisha watoto pasi yenye faida, basi lazima acheze. Machi 2025 ligi iliwatoza Utah faini ya dola laki moja kwa kumweka nje wakati anaweza kucheza. Mtu umempa milioni 42 kwa msimu, umekataa kumuuza, halafu unamkalisha benchi amevaa suti ili ufungwe. Machaguo ambayo San Antonio waliyapata hukuyapata. Masomo ambayo kijana wako wa Temeke aliyapata, Collier anayapata nusu. Na yeye mwenyewe miaka yake 27 na 28, ambayo kwa mchezaji wa kikapu ndiyo mavuno, inapita amekaa.

Ningewasamehe kumuuza. Ningewasamehe kumshika na kucheza kwa nguvu, wakashinda 38 na kuchagua wa 12. Jalen Williams naye alichaguliwa wa 12. Hiki cha katikati ndicho kilichonishinda.

#11 Mlinzi wa Pili

Mzee, ulimwona Markkanen kwenye EuroBasket, mashindano ya mataifa ya Ulaya, Septemba 2025?

#12 Mzee wa Ribaundi

Nilimwona, ndugu yangu, na ndiyo iliyoniamsha kuanzisha uzi huu. Finland waliwatoa Serbia ya Nikola Jokić hatua ya 16 bora, 92 kwa 86, na Markkanen akafunga 29. Wakamaliza wa nne Ulaya nzima, nchi ya watu milioni tano na nusu. Finland haina Luka Dončić wala Jokić. Wanachofanya ni kukimbia wote, kukata wote, mpira haugandi mkononi mwa mtu, na kila mmoja anajua yule mrefu atatokea upande gani wa skrini. Yaani jiko zima linapika kidogo kidogo.

Kwa hiyo nimelegeza msimamo wangu kidogo, na aliyenilegeza ni Kocha kuliko takwimu. Kama Utah wataamua kwamba hawamuuzi, basi wamchezeshe hivyo, kila mechi anayoweza kusimama. Nikiwa meneja ningempa hadi Februari, dirisha linapofungwa. Collier na George wakianza kumpata kwenye nafasi zake bila kutafuta, anabaki. Wasipoanza, ninapokea simu, na sitangoja bei ya 2024 irudi.

Kocha, mechi za Salt Lake City mwanzoni mwa msimu zinaanza saa kumi alfajiri kwetu. Naomba siku ya kwanza tuangalie pamoja hapa kwenye uzi: Collier akiingia ndani kutoka kulia, Markkanen amesimama wapi, na mpira unamfikia au haumfikii. Mimi nitakuwa macho.